Nani Aliuza Gitaa la Munyakazi?

Ndugu zangu, nipeni masikio kidogo. Nataka kuwaeleza habari ya nyumba moja ya Rubondo, hapa Nakivale, nyumba ya watu wanaoomba kabla ya kula na baada ya kula, na jinsi shuku ilivyoiharibu. Wengine mtasema mnawajua wenyewe. Msiwataje. Mimi nimewapa majina mengine, nanyi nyamazeni.

Jumamosi moja ya mwaka 2009, saa za alasiri, Miriamu alikuwa ameketi uani akichagua maharage kwenye ungo. Binti yake Benitha alikuwa anafua sare ya shule. Kanisani, hatua chache kutoka hapo, kwaya ilikuwa katika mazoezi. Waimbaji walikosea, wakacheka, wakaanza upya. Lakini chini ya sauti zote Miriamu alisikia moja tu, nayo ni ile ya gitaa la besi lililokuwa mikononi mwa mumewe, Mihigo. Alikuwa akitikisa kichwa bila kujua.

Gitaa hilo lilikuwa la marehemu baba wa Miriamu, mzee Munyakazi. Alilipata Uvira zamani, kwa mpigaji wa bendi aliyeokoka na kuachana na mambo ya baa. Lilikuwa la kahawia, zito kama mtoto aliyeshiba, rangi imechubuka pale mkono unapoegemea, nyuzi nne nene. Nyuma mzee alikuwa amechora jina lake kwa msumari. Walipokimbia Kivu Kusini waliacha ng'ombe, wakaacha vyungu jikoni, lakini gitaa lilifungwa kwenye blanketi likabebwa mgongoni hadi kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Mzee alipokaribia kufariki, alilikabidhi kwa mkwewe. Watu walishangaa, maana Mihigo wakati ule alikuwa mlevi wa kuokotwa njiani.

Na ajabu ni kwamba tangu apewe gitaa lile, pombe aliacha. Sasa ulikuwa mwaka wa pili. Kanisa likamkabidhi hata ufunguo wa mlango.

Lakini mtu aliyeishi na mlevi hujifunza kazi ya polisi. Miriamu alikuwa bado anapekua mifuko ya suruali kabla ya kufua. Mihigo akichelewa kidogo tu, alikuwa anaenda kusimama barabarani. Na kila aliporudi, Miriamu alimsogelea kama anayemsalimu, kumbe ananusa shati. Mihigo alijua. Alikuwa anasimama mlangoni, ananyoosha shingo kidogo, anatulia kama ng'ombe anayesubiri kupakwa dawa ya kupe. Akishanuswa, ndipo anaingia ndani. Hawakuwahi kulizungumzia jambo hilo hata siku moja.

Jumamosi ile Mihigo alirudi na gitaa begani, uso umekunjamana.

"Mama Benitha, besi inakoroma. Waya ya ndani imekatika. Nitaipeleka Mbarara kwa fundi."

"Hapa Nakivale hakuna fundi?"

"Ba redio bako. Wa gitaa hapana."

Miriamu alikubali kwa mdomo. Moyoni alijiuliza: Mbarara kuna mafundi, ndiyo, lakini baa je, hazipo?

Mihigo akaenda, akarudi mikono mitupu. Akasimama mlangoni, akanuswa. Hakuna kitu. "Fundi alisema nirudi kisha juma moja," akasema. Juma likapita, akaenda tena, na safari hii alirudi macho mekundu. Akasema fundi anangoja waya kutoka Kampala. Miriamu alimtazama machoni, naye akatazama chini. Huyu anaficha kitu, alijiambia. Na kweli, ndugu zangu, alikuwa anaficha. Hilo sitamtetea.

Baada ya siku chache mbuzi wao jike, yule mwenye sikio lililopasuka, akatoweka.

"Alikata kamba," Mihigo akasema.

Miriamu akaenda kuangalia mti aliokuwa amefungwa. Hapakuwa na kipande chochote cha kamba. Mbuzi anayekata kamba huacha kipande kwenye mti. Huyu alikuwa amefunguliwa na mkono wa mtu. Miriamu akarudi ndani, akapika, akapakua chakula. Alikuwa anaweka akiba ya maneno.

Sasa aingie jirani yao, Kanyange. Huyu mama alikuwa anapeleka ndagala, wale dagaa wakavu, Mbarara, anawauzia wake za askari karibu na kambi ya Makenke. Miaka yote hiyo ya kutembea ilimpa sifa mbili: anajua habari za kila mtu, na anajua Kiswahili cha Waganda kuliko sisi wote. Sifa hiyo ya pili alijipa mwenyewe.

"Mama Benitha," alianza, "mimi siko mutu wa maneno mingi."

Ndugu zangu, mtu akianza hivyo, kaeni chonjo.

"Juzi nilikuwa kule Makenke. Kuko sajini moja, ananiuliza, 'Mama, wewe si wa Nakivale? Kuna bwana wenu mrefu, ana alama kwa shavu, anakuja hapa kila mara. Anauza gitaa.'"

Alama ile ya shavu Miriamu aliijua, ni ya mumewe. "Anauza gitaa?"

"Anauzisha! Weye unasikia na Kiswahili cha kwetu. Hawa Baganda bakisema anauza, ni kusema anauzisha. Mimi niko natembea nabo, nakijua Kiswahili chabo."

"Anauzisha gitaa ya baba yangu?"

"Mimi sikusema kitu. Nimekuambia tu bile nilisikia."

Miriamu akaanza kuhesabu. Macho mekundu, waya kutoka Kampala, mbuzi aliyefunguliwa. Kila kitu kikaingia mahali pake, na alipata hata ile raha ya uchungu ya mtu anayesema, si nilijua! Kitu kimoja tu kilikosekana, nacho ni harufu. Alikuwa amemnusa mumewe kila jioni, na hakupata ila sabuni na jasho. Lakini harufu hiyo iliyokosekana hakuijali.

Mtauliza, kwa nini hakumwita mume wake wakaketi, akamwuliza? Hata mimi nauliza. Alikwenda kwa Nehemiya, mzee wa kanisa. Akaenda kwa mke wa mchungaji. Akaenda kwa mama mmoja wa kwaya, akamwambia "hii ni ya kwetu wawili tu," na mama yule akawaambia wengine vivyo hivyo. Hadi Jumapili, Rubondo nzima ilikuwa imemwuliza Miriamu habari za Mihigo, na Mihigo peke yake ndiye aliyekuwa hajaulizwa.

Baada ya ibada Nehemiya akamwita mbele.

"Ndugu Mihigo, gitaa iko wapi?"

Mihigo akatazama watu, akamtafuta mke wake kwa macho, akamwona ameinamia Biblia.

"Iko Mbarara."

"Kwa fundi?"

"Hapana. Iko kwa musoda moja. Muniache nieleze, hii maneno ni murefu kidogo..."

Minong'ono ikaanza. Miriamu akasimama. Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Na mbuzi? Mbuzi nayo iko kwa musoda?"

Mihigo akamgeukia. "Ndiyo," akasema.

Watu wakacheka. Kanisani, ndugu zangu, walicheka. Mtu mzima anasema mbuzi wake yuko kwa askari pamoja na gitaa, nani asingecheka? Nehemiya akanyanyua mkono wanyamaze, kisha akamgeukia Miriamu kwa upole.

"Dada Miriamu, weye unakaa naye nyumba moja. Utuambie mbele ya Mungu. Alirudilia pombe?"

Jana yake jioni alikuwa amemnusa mlangoni. Sabuni na jasho. Miriamu aliona wanawake wote wakimtazama, wakimhurumia, wakingoja. Kusema "sijui" kungekuwa kama kusema amewasumbua bure.

"Alirudilia," akasema.

Mihigo hakubisha. Alimtazama mke wake kwa muda mrefu, kama anayemkumbuka mtu aliyewahi kumwona mahali. Kisha akatoa ufunguo wa kanisa mfukoni, akauweka mezani, akatoka nje. Benitha alikimbia nyuma yake hadi barabarani, akarudi peke yake.

Juma lile walisikia kwamba ameshika njia ya Endiinzi, kuchunga ng'ombe wa watu. Miriamu akabaki na shamba, maji na jembe moja. Benitha akawa anafika shuleni wenzake wakiwa katika somo la pili, kwa sababu ya foleni ya kisimani, na mwishowe akaacha kwenda siku za kulima. Jioni moja mtoto akauliza:

"Mama, harufu ulisikia siku gani?"

"Harufu gani?"

"Ya pombe. Kwa papa. Mimi sikuisikia."

"Wende ulete kuni," Miriamu akasema. Kuni zilikuwa zimejaa jikoni.

Kisha mchungaji mmoja wa ng'ombe akaleta habari kutoka Endiinzi: Mihigo anakunywa. Tonto, waragi, chochote. Amelala vichakani mara mbili. Rubondo ikatikisa kichwa, "Si tulisema?" Na Miriamu, niseme ukweli ingawa unaaibisha, alipumua. Basi sikusema uongo, alijiambia. Ni muda tu nilikosea.

Msimu wa mavuno ulipokwisha alifunga safari ya Makenke na Kanyange. Hakuwa anamtafuta mume. Alitaka gitaa la baba yake, alisalimie hata kama halirudi.

Sajini Bainomugisha alikuwa mtu mnene, mpole, anakaa kwenye nyumba za kupanga ng'ambo ya barabara ya kambi. Aliwapa viti. Gitaa lilikuwa limeegemezwa ukutani sebuleni, na Miriamu alipoliona machozi yakamtoka bila ruhusa.

"Mama, mimi sikuiba," sajini akasema haraka. "Hii nilinunua kwa fundi pale mjini. Alikuwa amebandika karatasi kwa mlango: 'Gitaa ya besi, ya zamani, inauzwa.' Mimi napiga kwa kwaya ya wanajeshi, nikafurahi. Ile fundi baadaye akafunga duka, akapotea. Sikujua ni mali ya mtu."

Miriamu akapangusa uso. "Ni fundi alikuuzisha? Haikuwa bwana yangu?"

"Bwana yako? Ile bwana alikuja tu kunisumbua. Mara tatu. Ananiambia, 'Afande, niko natafuta kuuza gitaa.' Mimi nauliza, unauza gitaa gani, mkononi hauna kitu? Yeye anaonyesha hii yangu. 'Ni hii, afande. Nakuomba, acha niuze hii gitaa.' Sasa ona hiyo! Anataka kuuza kitu yangu ndani ya nyumba yangu! Mara ya tatu amekuja na mbuzi, ananipa kamba, analia, anasema, 'Basi niuze na hii mbuzi.' Nikaona huyu ni mwizi ama kichwa yake imeharibika. Nikamfukuza na fimbo. Akakimbia, mbuzi ikabaki."

Kanyange alikuwa anatazama sakafu.

Ndugu msomaji wa mbali, nikueleze. Sisi wa Kivu tukisema kuuza, maana yake ni kutoa pesa zako ukapata kitu. Mwingine anasema kununua. Kutoa kitu ukapata pesa ndiko tunaita kuuzisha. Biblia tunaisoma kwa Kiswahili cha vitabu, tunajua Yusufu aliuzwa na ndugu zake, lakini tukifunga Biblia midomo inarudi nyumbani. Hasa mtu akiwa na hofu. Sajini alilisikia neno kwa sikio la Uganda, Kanyange akalibeba hivyo hivyo na kulitafsiri kwa ufundi wake, na likafika Rubondo limegeuzwa. Lakini sasa maneno ya Mihigo yalikuwa yametoka kinywani mwa sajini kama yalivyosemwa, na Miriamu aliyasikia kwa sikio la kwao. *Acha niuze hii gitaa.* Mume wake alikuwa amesimama hapa mara tatu akiomba kulinunua gitaa la baba mkwe wake.

"Alikuwa amelewa?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hapana. Mimi nakaa na walevi, nawajua. Ile bwana alikuwa analia tu."

"Na mbuzi?"

"Iko nyuma. Imezaa. Mimi sili mbuzi ya mtu."

Walizunguka nyuma ya nyumba. Yule mbuzi mwenye sikio lililopasuka alikuwa amelala kivulini na mtoto wake. Miriamu akaketi chini, akalia, akapiga magoti yake kwa ngumi. Sajini hakuelewa, hadi Kanyange alipomweleza, kwa Kiswahili chake kile kile, na safari hii pole pole. Bainomugisha akashika kichwa. Akaingia ndani, akaleta gitaa, akaligeuza.

"Hapa pameandikwa Munyakazi. Ni nani?"

"Baba yangu."

"Basi chukua. Bwana yako alishanilipa zamani. Mbuzi inatosha, mtoto wake nitakuletea akiacha kunyonya."

Njiani Kanyange alianza, "Lakini sajini alisema anauza..."

"Mama Kanyange," Miriamu akamkatiza, "weye ulileta neno. Ni mimi nililipandisha kwa meza ya kanisa."

Nyumbani alilala usiku ule tu. Kesho yake aliliweka gitaa mgongoni, kama baba yake alivyolibeba, akaenda Endiinzi. Alimkuta Mihigo kwenye zizi la watu akikamua. Alikuwa amekonda. Maziwa mengine yalikuwa yanamwagikia nje ya chombo kwa vile mikono ilikuwa inatetemeka. Aliona gitaa kabla ya kumwona mke wake.

"Nani aliuza?" akauliza.

"Ni weye," Miriamu akasema. "Uliuza na mbuzi. Sajini ameitika."

Mihigo akaketi juu ya jiwe. Miriamu akapiga magoti mbele yake, kwenye samadi, mbele ya wachungaji wengine.

"Baba Benitha, juu ya nini haukuniambia? Siku ya kwanza tu, fundi alipokimbia. Juu ya nini?"

"Ungesadiki?"

Miriamu alitaka kusema ndiyo. Akakumbuka mashati yote aliyoyanusa.

"Jirani wa duka aliniambia ni afande aliichukua, nikasema nitairudisha kwanza, kisha ndipo nikuambie," Mihigo akaendelea. "Nilikuwa naogopa namna unaniangalia. Na siku ile kanisani, mama, mimi sikuwa nimeonja hata tone. Miaka mbili. Nilipotoka pale nikapita pa senta, penye baa, nikasema, kama mke wangu amesikia harufu, basi acha ikuwe kweli. Nikakunywa. Tangu siku ile sijui kusimamisha."

Jumapili iliyofuata Miriamu alisimama kanisani akasema mbele ya wote kwamba alitoa ushahidi wa uongo. Hakuna aliyecheka. Nehemiya alilia, akaupeleka ufunguo Endiinzi kwa mkono wake mwenyewe, na baada ya miezi miwili Mihigo alirudi nyumbani. Benitha akarudi kuwahi shule.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yaliisha hapo, lakini ningekuwa nawadanganya. Mihigo bado anapigana. Kuna Jumapili anapiga besi hadi watoto wanasimama juu ya mabenchi, na kuna Jumapili kiti chake kiko tupu na kila mtu anajua ni kwa nini. Pombe iliyokuwa imeondoka kwake tuliirudisha sisi kwa ulimi.

Jioni moja alirudi amechelewa. Akasimama mlangoni kama zamani, akanyoosha shingo, akasubiri. Miriamu akatoka jikoni, akamtazama, akasogea pembeni kumpisha.

"Ingia, Baba Benitha," akasema. "Ulikuwa wapi?"

Mihigo alikaa pale mlangoni kidogo, hajui afanye nini na shingo yake. Kisha akaingia, na akamweleza alikokuwa.

Funzo

Ndugu zangu, tunapomshuku mtu wa nyumbani mwetu, tumwulize yeye kwanza, kabla ya jirani, kabla ya mzee wa kanisa, kabla ya wote. Tumwulize na tungoje jibu hata likiwa refu. Miriamu alikuwa na sababu za kuogopa, sitamcheka, maana aliteswa na pombe miaka mingi. Lakini hofu yake ilimfanya asikie kila kitu isipokuwa maneno ya mumewe, na mwisho ikamfanya aseme alichokuwa hajakinusa. Aliyeacha pombe anahitaji kuaminiwa kama anavyohitaji chakula. Ukimwita mlevi kila siku, atachoka kukukatalia.

Nanyi wenye kuficha, msiseme hamkuguswa. Mihigo angesema siku ile ya kwanza, "Mke wangu, fundi ameniibia," labda angegombezwa juma zima, lakini mbuzi angebaki kwake na heshima yake ingebaki kwake.

Na sisi wabeba habari, ambao tuko wengi hapa Nakivale na tunatoka kila pembe na lugha zetu: tukisikia neno kwa mgeni, tuulize maana yake kwa aliyelisema kabla hatujaliingiza katika nyumba ya mtu.